Mwaka Babu Alipotaka Kuandikwa

Bi Time alipofariki mwezi uliopita, niliomba ruhusa kazini nikamzike. Mkubwa wangu wa kazi, Mwingereza mpole asiyependa kumuudhi mtu, aliniuliza marehemu ni nani kwangu, maana siku za ruhusa hutegemea jibu hilo: mzazi ana zake, bibi ana zake, na jirani hana kitu. Nikamwambia ni bibi yangu. Sikusema uongo, lakini ningemweleza kweli yote ingebidi afunge mlango wa ofisi, aagize chai, na anisikilize mpaka watu wote waondoke. Kweli yote ni mwaka mzima wa maisha yangu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na babu yangu alipokuwa anataka kitu kimoja tu kabla hajafa, jina lake liandikwe katika shajara ya ukoo wa Mwinyikombo, ile karatasi ya nasaba. Mimi wakati ule niliona ni upuuzi wa wazee. Sasa naelekea kwenye uzee mwenyewe, na kila nikitafuta mtu wa kumstahi kuliko wote niliopata kuwajua, namrudia yeye, na kando yake namkuta Bi Time.

Tulikuwa tukikaa Barking, ghorofa ya tatu, katika fleti ambayo ukiwasha hita ya sebuleni na birika la jikoni kwa pamoja umeme hukatika. Tulikuwa watatu: Babu Haji, binti yake Shangazi Rahma, na mimi. Shangazi alikuwa karani wa manispaa, mtu wa faili na kalamu, asiyevumilia jambo kuachwa nusu. Mimi nilikuwa nimefeli mitihani ya kuingia chuo kikuu, nina leseni mpya ya gari na kiburi cha siku nyingi. Nimezaliwa London, na Kiswahili nilikielewa chote lakini nikijibu kwa Kiingereza, na Babu alikuwa na dawa yake: ukimjibu kwa Kiingereza anakuwa kiziwi. "Sikusikia," husema, mkono sikioni, na chai yako haimiminwi mpaka urudie kwa lugha anayoisikia. Basi Kiswahili changu nilikipata kwa ajili ya chai, wala sioni aibu, maana chai ya Babu ilikuwa na mdalasini na hiliki na sijapata kunywa nyingine iliyoifikia. Kiti chake kilikuwa kando ya dirisha, juu yake mto aliofuma marehemu bibi, na sebule yote ilinukia udi na dawa ya kuchua magoti. Moyo wake ulikuwa umechoka. Aliporudi kutoka hospitali siku moja alitutangazia, "Nimeambiwa nimezeeka, na nimepewa vidonge vya kunikumbusha kila asubuhi." Tulicheka, lakini Shangazi alikwenda jikoni akafungua bomba na kuliacha likimwaga maji kwa muda mrefu bila ya kuosha chochote.

Wana Mwinyikombo wa London walikuwa na jumuiya yao, na sidhani kama mji huu una klabu ngumu kuingia kuliko ile. Mwinyikombo alikuwa mtu wa Pemba wa zamani, mwenye mashamba ya karafuu na wajukuu wasiohesabika, na wajukuu hao walipotawanyika duniani, waliofika Uingereza walikata shauri kuuandika upya ukoo mzima usije ukapotea. Kuingia kulikuwa na utaratibu wake. Siku ya karamu ya mwaka, baada ya maulidi, mwenye kuomba husimama mbele ya watu akajitaja kwa mdomo wake: mimi fulani, bin fulani, bin fulani, mpaka afike kwa Mwinyikombo. Kisha mtu wa ukoo, mzima wa akili na mwenye kuaminika, husimama akasema, "Ni wetu." Bila ya maneno hayo mawili, hata uje na sanduku la vyeti, utakula biriani yako ukarudi kwenu.

Babu alijijua kuwa ni Haji bin Ali bin Mwinyikombo. Alikulia katika nyumba ya Makame, kaka wa Ali, kwa sababu Ali alikufa kijana. Ndivyo alivyoambiwa, ndivyo alivyotuambia, na pasipoti zetu sote zina jina hilo la Ali. Kumbe shajara ilipoandikwa upya, mbele ya jina la Ali waliandika kwamba hakuacha mtoto. Mtu mmoja alimpa Babu habari hiyo msikitini, kwa nia njema, na tangu siku ile hakulala vizuri. Babu alikuwa amepoteza nyumba, kazi, mke, na kwa miaka mingi hata ruhusa ya kuikanyaga nchi yake, na sikumsikia akilalamika. Hili lilimuuma. "Nimelelewa nyumba ile," alituambia tukiwa tunakula, mkono wake umesimama juu ya wali. "Nimekula sinia moja na wao. Leo nnaambiwa Ali hakuacha mtoto. Basi mie nani?" Nikamwambia wewe ni Babu, inatosha. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyemwomba mwenzake maji akapewa kijiko.

Shangazi alilichukua suala lile kama kazi ya ofisini. Ushahidi tulikuwa nao, alisema, na ushahidi wenyewe ulikuwa kisa tulichokijua tangu utotoni. Babu alipokuwa na miaka ishirini alimposa Time, binti wa Makame, akakataliwa. Wazee walimwambia hawezi kumuoa kwa kuwa ni ndugu yake. Alifungasha nguo zake akahamia Unguja, na Pemba hakurudi kukaa tena. Kila kisa hiki kiliposimuliwa kwetu kilimalizwa kwa hoja moja: wangemkatalia vipi kama si damu yao? Mimi hoja hii niliiona haina pa kupita hata sindano. Shangazi pia. Tukapanga siku ya kwenda kumwona Mzee Nassor, mshika shajara, aliyekuwa akipokea watu wake kila Alhamisi katika mkahawa mmoja wa Waarabu, Edgware Road.

Treni ya chini hutoka Barking mpaka Edgware Road bila ya kubadilisha, na Babu aliipenda kwa sababu alikuwa na hakika ya kiti tangu mwanzo wa safari. Mkahawa ulikuwa mrefu na mwembamba, vioo kila ukuta, wageni wa Oman mezani na watoto wao, wavutaji shisha nje chini ya turubai, na harufu ya tufaha ikiingia kila mlango ukifunguliwa. Mzee Nassor alikaa ndani kabisa na koti lake, tai imefungwa, glasi ya chai ya nanaa mbele yake. Zamani alikuwa mwalimu wa skuli Pemba, na alikuwa bado anakuangalia kama anayesubiri uonyeshe kazi ya nyumbani. Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Kumbe Kiswahili unacho." Babu akamjibu kwa niaba yangu, "Anacho. Anakiweka akiba."

Shangazi alianza. Alikieleza kisa cha posa kwa mpango mzuri, mwanzo, katikati na mwisho, na alipofika kwenye ile hoja yetu isiyopitisha sindano aliegemea kiti akasubiri. Mzee Nassor aliweka glasi chini.

"Rahma, mke wangu unamjua?"

"Namjua, Mzee."

"Nani wangu yule?"

Nilimwona Shangazi anaanza kuwa mwekundu masikioni.

"Binti ami yangu," Mzee Nassor alisema. "Baba zetu tumbo moja. Tulipooana watu walipiga vigelegele mtaa mzima, hakuna aliyetukataza. Sasa Haji awe mtoto wa Ali, Time mtoto wa Makame. Hao kwetu sisi wangeozwa kabla hata hawajatakana wenyewe. Kukataliwa kwao hakuonyeshi kuwa ni binamu. Kuna jengine."

Miaka imepita na bado nikikumbuka nacheka na kuona haya kwa pamoja. Nusu ya watu waliokuwa wakija kwetu Idi walikuwa wamemuoa mtoto wa ami au wa shangazi, nami nilijua, na Shangazi alijua zaidi. Lakini mimi nilikuwa nimesoma na watoto wa Kiingereza ambao kwao kuoa binamu ni kichekesho, na Shangazi alikuwa amefanya kazi nao nusu ya umri wake, na wazo lao lilikuwa limetuingia polepole likajikalia. Tulikuwa na desturi zetu mkono wa kulia na fikra zao mkono wa kushoto, na hatujawahi kuzikutanisha. Ilibidi mzee mmoja mwenye tai atuulize habari ya mkewe.

Babu alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Alikuwa anaijua sababu siku zote, ila hakuwahi kuitaja, kwa haya za watu wa rika lake, ambao hawawezi kutaja ziwa la mama mbele ya watoto wao. "Tumenyonya pamoja," alisema mwishowe, akiiambia glasi. "Mie na Time. Mama yake ndiye aliyenipa ziwa."

Mzee Nassor alitikisa kichwa taratibu. Nadhani alikuwa ameshafahamu. Alizungumza kwa upole ambao sikuutarajia. "Ziwa limekufanya kaka yake, Haji, na ndoa ikawa haramu. Lakini ziwa haliandiki mtu katika shajara. Shajara inataka damu."

"Damu n'nayo."

"Mie sikukanushi. Nnachotaka mtu aliyejua ulivyoletwa. Wazee wote wamekwisha, kabaki Time. Muulize. Akisimama yeye akasema ni wetu, kalamu ninayo mfukoni."

Hapo ndipo tulipogundua kwamba Bi Time alikuwa Hayes, kwa mwanawe, miaka kadhaa, na kwamba Babu alikuwa na habari hiyo. Shangazi alimgeukia. "Baba, ulijua?" Babu akasema Hayes ni mbali. "Baba, wewe kila wiki uko Edgware Road." Babu akasema Edgware Road ni treni moja. Mzee Nassor aliagiza chai nyingine ili apate kuangalia pengine.

Nilimpeleka mimi, kwa gari kuukuu la Shangazi, Jumamosi ya mvua nyepesi. Safari nzima Babu alinisahihisha uendeshaji, yeye ambaye hajapata kushika usukani. Nyumba ya Bi Time ilikuwa moja kati ya nyumba zilizofanana mtaa mzima, si mbali na uwanja wa ndege, na ndege zilipita juu yake chini kiasi kwamba vikombe viligongana kabatini. Alitufungulia mwenyewe: mwanamke mfupi, miwani minene, soksi nene ndani ya kandambili, na sauti ya kicheko hata anapoongea mambo ya kawaida. Alinyoosha mkono. Babu aliweka wake kifuani, akainamisha kichwa.

"Haji, bado umenuna?"

"Sijanuna."

"Umenuna. Umri wote huu." Aliushusha mkono wake, hakukasirika. "Tulikatazwa kuoana, hatukukatazwa kusalimiana. Mie dada yako kwa sheria ya Mungu."

"Udugu huo sikuutaka," Babu alisema, akiongea na viatu alivyokuwa anavua. Mimi nilijifanya natafuta pa kutundika koti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na haikuwa imewahi kunipitikia kwamba Babu amewahi kumpenda mtu mpaka akashindwa kumpa mkono.

Tulikula muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, katika chumba kidogo chenye zulia la rangi ya zambarau, televisheni imefunikwa kitambaa. Mwanawe alikuwa amelala juu baada ya zamu ya usiku uwanjani, kwa hiyo tuliongea kwa sauti ya chini. Bi Time alimchagulia Babu kichwa cha samaki bila ya kumuuliza, na Babu akakila bila ya kushukuru, kama watu wawili walioachana jana. Bi Time alikuwa na tabia moja ambayo nilikuja kuipenda sana. Ndege ikipita alinyamaza katikati ya neno, akasubiri, kisha akaendelea pale pale alipokomea, hana haraka. Baada ya kula Babu aliosha mikono, akakaa wima, akamwuliza alichokuja kumwuliza: aliletwa vipi katika nyumba ile, na nani aliyemleta?

Bi Time alivua miwani. Alisema mama yake alimweleza alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho, na alimwambia aliweke moyoni. "Ulikuwa msimu wa karafuu. Watu walikuja kuchuma shambani kwa baba, kama kila mwaka, wametoka huku na huku. Palikuwa na mtu na mkewe, mke ana mimba kubwa. Yule bwana akapanda mkarafuu..." Ndege ikapita. Bi Time alisubiri, macho yake kwa Babu, na Babu akasubiri naye. "...tawi likavunjika. Hakufika hata jioni. Mkewe akashikwa na uchungu kabla ya siku zake, akakuzaa, naye hakuishi. Mie nilikuwa mchanga, mama ananinyonyesha. Akakuchukua akakuweka ziwa la pili. Ami Ali alikuwa amekufa mwaka huohuo, hana mtoto. Baba akasema kijana huyu asikae hana jina, kwani amefiwa shambani kwangu. Akakupa la ndugu yake. Watu wakaambiwa wewe wa Ali, na waliojua wakanyamaza."

Nilitaka Babu aseme kitu, chochote, hata anikosoe tena nilivyoegesha gari. Hatimaye aliuliza, "Akiitwa nani?"

"Bwana yule? Mama alisema akiitwa Vuai."

"Na yeye, mkewe?"

"Jina lake mama hakulipata. Alisema alikuwa na haya nyingi, hata chakula akila kando."

Babu alilirudia jina lile moja, bila ya sauti, midomo tu. Kisha Bi Time akamsogelea, akasema maneno ambayo nimeyachukua mpaka leo. "Nisikilize, Haji. Siku ya karamu mie ntasimama. Ntasema wewe mtoto wa Ami Ali, ni wetu. Nani aliye hai wa kunikanusha? Jina alikupa baba yangu kwa mkono wake, na mie ntalitetea." Alikuwa mwanamke wa sala tano, wala sikuwahi kumjua akiongopa maishani mwake, na pale, kwenye zulia la zambarau, alikuwa tayari kuubeba uongo ule mbele ya ukoo wake wote ili Babu alale usingizi. Nilimpenda papo hapo. Babu hakumjibu ndio wala la. Mlangoni aliweka tena mkono kifuani, na tukaondoka.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu kwetu. Shangazi alipoelezwa alilia, akajifuta, kisha akapiga pasi kanzu ya Babu ambayo tayari ilikuwa imepigwa pasi. Nikiwa jikoni niliwasikia wakizungumza sebuleni. "Baba, Bi Time ameshakubali. Wewe unasema majina matatu tu, unakaa."

"Majina matatu," Babu alisema. "Si mengi."

"Wala hakuna anayedhurika."

Babu akaomba maji. Mimi nilikuwa upande wa Shangazi moja kwa moja. Niliona mtu amelelewa pale, amekula pale, amepewa jina pale, tatizo liko wapi? Asubuhi nilimsikia bafuni akitia udhu na kujisomea, kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani: Haji bin Ali bin Mwinyikombo. Akaanza tena. Asubuhi nyingine nilisikia amelikatisha baada ya Haji, maji yanamwagika tu, na sikusikia kilichofuata. Hakuwa mwenye huzuni, hilo nakumbuka vizuri. Alikuwa na shughuli kichwani, akila kidogo, akipokea simu za Bi Time ambazo sasa zilikuja karibu kila jioni, na kumjibu kwa ufupi, lakini akimjibu.

Karamu ilifanyika katika ukumbi wa kukodi juu ya maduka, hapo hapo Barking, ngazi ndefu na nyembamba kuufikia. Wanaume walikaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, kati yao pazia la mapambo ambalo watoto walikuwa wanapita chini yake wakichukua sambusa za pande zote mbili. Biriani ilipakuliwa katika masinia, watu wanne wanne, na kwa dakika chache ukumbi mzima ulikuwa kimya kwa shughuli ile. Bi Time alikaa mbele na wanawake wa heshima, buibui jipya, na aliponiona alinikonyeza. Baada ya kahawa Mzee Nassor alisimama na kuita wenye kuomba. Kijana mmoja kutoka Leicester alijitaja bila ya kukwama, ami yake akasema ni wetu, watu wakamkaribisha kwa makofi. Kisha likaitwa jina la Babu. Shangazi alipitisha mkono chini ya pazia akanishika goti mpaka likaniuma.

Babu alisimama taratibu, kofia imekaa sawasawa, mikono imeshikana nyuma. Aliwaangalia watu wale wote ambao maisha yake yote alikuwa anataka kuwaita wake. Akasema, "Mimi Haji, bin Vuai."

Akakomea hapo. Watu walisubiri jina linalofuata. Mzee Nassor, kwa upole, kama anayemsaidia mwanafunzi aliyesahau, akamkumbusha, "Bin Ali, Mzee Haji. Endelea."

"La," Babu alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kuniuliza kama nimeweka sukari. "Ali alikuwa mtu mwema, na jina lake limenistiri. Lakini baba yangu Vuai. Alikuja kuchuma karafuu shambani kwenu, akaanguka mtini akafa. Jina la baba yake silijui, kwa hivyo siendi mbele. Nilikuja hapa niseme majina matatu, na yote ningeyasema vizuri, nimejifunza. Lakini mtu yule hana mtoto mwengine duniani ila mie. Nikimkana na mie, atatajwa na nani? Nyumba yenu ilinipa ziwa, ilinipa chakula, ilinipa jina. Nimekuja kushukuru. Nasaba sina."

Nilikuwa nimemwona Babu akiugua, akicheka, akisali, akigombana na televisheni. Lakini yeye mwenyewe sikuwa nimemwona bado. Kitu alichokitaka kuliko vyote kilikuwa mbele yake, alichotakiwa ni kufungua mdomo, na aliufungua kwa ajili ya mchuma karafuu ambaye hata kaburi lake halijulikani. Nimeishi na watu wengi wenye cheo na elimu tangu siku ile. Hakuna hata mmoja ambaye nimemstahi kama nilivyomstahi mzee yule dakika ile, na nikitaka kuwa mtu wa maana, mpaka leo, ndiye ninayemwiga.

Mzee Nassor alivua miwani akaipangusa kwa ncha ya tai, na nilimwona anatafuta pa kuiweka sauti yake. Alisema wamemsikia, na Mungu amrehemu Vuai na mkewe. Watu wakaitikia amina, upande wa wanaume na wa wanawake, kwa nguvu. Kisha akasema, kwa shida, kwamba shajara ina masharti yake, na Mzee Haji mwenyewe ameyaheshimu kuliko yeyote, kwa hivyo hawezi kuandikwa. Akamwomba akae, anywe kahawa, yeye ni mgeni wao mtukufu. Babu alimshukuru. Akasema amekula, ameshiba, na sasa angependa kwenda kupumzika. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni peke yake, polepole, na watu wakimpisha njia kwa heshima kubwa, lakini wakimpisha aondoke.

Nilinyanyuka kumfuata. Bi Time alikuwa ameshanitangulia. Alivuka ukumbi mzima akitokea upande wa wanawake, akapita kati ya wanaume wa ukoo wake, mjukuu wa Mwinyikombo wa damu ambaye jina lake liliandikwa mwanzo kabisa wa karatasi ile, na kahawa yake ikabaki inapoa mezani. Alimfikia Babu pale ngazi zinapoanzia. "Kaka," alimwita, mbele ya watu wote, na akanyoosha mkono. "Nishike. Ngazi hizi mie siziwezi peke yangu."

Babu aliuangalia mkono ule. Nikadhani atauweka wake kifuani tena, kama Hayes. Badala yake aliutoa nyuma ya mgongo, akamshika.

Walishuka hivyo, ngazi kwa ngazi, wazee wawili wameshikana mikono hadharani. Hakuna hata mmoja katika ukumbi ule wa watu wa dini aliyekuwa na la kusema, kwa sababu ziwa lililowazuia wasioane ndilo lililowahalalishia kushikana. Niliwatangulia chini, nikafungua mlango wa gari, na ilinibidi nisimame kwenye mvua nikiushikilia wazi, maana kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aachie kwanza.